Mwaka Niliofumua Wimbo wa Sadiki

Habari za kifo cha Sadiki zilinikuta nikimfundisha mama mmoja wa Remera namna ya kupitisha kidole gumba chini ya vidole vingine kwenye kinanda. Simu ililia mara tatu nikaiacha. Ya nne nikaipokea, na sauti ya mwanamume nisiyemfahamu ikasema, "Mzee Deo? Ni msiba. Sadiki fundi ametutoka alfajiri, tunazika baada ya adhuhuri." Nikamshukuru, nikaketi, nikamwambia mwanafunzi wangu aendelee. Aliendelea kidogo, halafu akasimama na kuniuliza kama nimechoka, maana mguu wangu ulikuwa ukipiga mwendo wa haraka usiolingana na wake. Nilipousikiliza mguu wangu mwenyewe nikaujua ule mwendo. Ulikuwa wa "Chai ya Pili," wimbo wa pekee ambao Sadiki alipata kuurekodi, ambao kwa miaka kadhaa haikuwezekana kufunga harusi Kigali bila kuupiga. Mazishi sikuyawahi. Nilikwenda Nyamirambo, upande wa pili wa Kigali, siku ya tatu, kwenye matanga, na yaliyonipata huko nitayaeleza. Lakini hayataeleweka bila ule mwaka ambao mimi, kijana wa miaka ishirini na mitatu, nilipewa kazi ya kuufumua wimbo ule mbele ya watu, nikaifanya kazi hiyo vizuri sana, na nikakosea kila kitu.

Habari za wazazi wangu, na za safari iliyotuleta kutoka Bujumbura, zina mahali pake na si hapa. Inatosha kusema kwamba seminari ilinifundisha kusoma noti kabla haijagundua kuwa sina wito, na kwamba nilipofika Nyamirambo mali yangu ilikuwa kinanda cha umeme chenye vibonye vitatu bubu. Mama Hadija, mwenye duka la ushonaji, alinipa chumba cha nyuma. Kati ya chumba changu na duka lake palikuwa na ukuta wa mbao nyembamba, kiasi kwamba cherehani tisa zikianza kazi kwa pamoja, daftari langu lilitembea lenyewe juu ya meza. Nilijifunza kufundisha kwa sauti ya juu. Mchana cherehani zilinyamaza, vitambaa vikaondolewa kwenye meza kubwa ya kukatia, na sufuria ikaletwa: wali na maharage, siku nyingine sombe ya majani ya muhogo, Ijumaa pilau. Tulikula wote pamoja, na kila mara palikuwa na uzi ndani ya chakula. Konsolata ndiye aliyekuwa hodari wa kuutoa. Aliuvuta kutoka kwenye wali wa mtu mwingine bila kuomba ruhusa, akauangalia kwenye mwanga na kusema, "Huu ni wa kanzu ya yule mzee wa jana. Kumbe tunamkula." Na wote tulicheka, Sadiki akiwa wa kwanza.

Konsolata, tuliyemwita Konso, alikuwa mdarizi wa shingo za kanzu na magauni. Alikuwa Mkatoliki kama mimi, naye kakulia Bujumbura, na Kiswahili chake kilikuwa kama changu kabla seminari haijakipiga pasi. Sadiki alikuwa fundi wa suti, Mwislamu wa hapo hapo Nyamirambo, mrefu, mwenye futi shingoni wakati wote, hata akienda sokoni. Alikuwa akiimba akikata kitambaa, na mkasi wake ulifuata wimbo, hivyo ukisikia amesimama kuimba ulijua amefika kwenye kona ngumu. Wote wawili walikuwa wanafunzi wangu. Sadiki alikuja Jumatatu jioni baada ya kazi, Konso Jumatano wakati wa chakula, akiwa na sahani yake. Niliwapa mazoezi yaleyale, niliyoyaandika kwa mkono kwenye karatasi moja na kuyapa namba, kuanzia moja hadi kumi na mbili. Nilimpenda Konso. Naliandika neno hili leo kwa urahisi, lakini mwaka ule sikuwa na hakika nalo. Nilichojua ni kwamba siku za Jumatano nilinyoa ndevu.

Wimbo ulitoka wakati wa mvua za kwanza. Tulikuwa mezani. Redio ya Mama Hadija ilikuwa juu ya rafu ya nyuzi, na mtangazaji akasema, "Huyu ni kijana wetu wa Nyamirambo." Ikaanza ngoma, halafu gita, na Sadiki akaweka kijiko chini kama mtu aliyeitwa kanisani. Nataka kuusema wimbo ule kama nilivyousikia siku ile, maana ilikuwa raha safi. Ngoma ya kompyuta ilipiga mapigo manne ya haraka, sawa kabisa, kama mtu anayeshuka mteremko na kujua hataanguka. Juu yake kulikuwa na makofi, lakini makofi yalichelewa kidogo sana, na kule kuchelewa ndiko kulikokufanya utikise bega. Gita ilikimbia juu kabisa, nyuzi nyembamba tu, mtindo wa Kongo, haipumziki. Besi ilisema maneno machache na kuyarudia. Chini ya vyote kinanda kilizungusha akodi nne, sauti tatu tatu zilizobanwa pamoja, zikitoka nyumbani na kurudi nyumbani. Halafu kiitikio: "Niongeze chai ya pili, mama, ya kwanza ilikuwa ya kiu tu, hii ya pili ni ya kukutazama." Tuni yake haikuanzia pale ulipoitegemea. Iliacha pigo la kwanza lipite, ikaingia nusu nyuma yake, ikaruka kutoka sauti ya chini hadi ya juu kwa hatua moja kubwa, kisha ikateremka pole pole kama mtu anayetafuta viatu vyake mlangoni. Mafundi walipiga vigelegele. Mama Hadija, ambaye hakuwa mtu wa muziki, alisema, "Tena huyu mtoto anaimba kama hana deni." Konso peke yake hakuinua kichwa. Alikuwa ameinamia wali wake akitafuta uzi.

Wiki tatu baadaye, wimbo ukiwa tayari kila mahali, Konso alisimama mezani akasema, "Hii tuni ya kiitikio ni yangu. Mimi ndiye nilikuwa naiimba nikipiga pasi. Sadiki aliichukua kwangu, na kwenye redio wanasema mtunzi ni yeye peke yake." Hakusema kwa hasira. Alisema kama mtu anayesoma kipimo cha mteja. Sadiki akageuka rangi. "Konso," alisema, na hakuendelea. Mafundi wakagawanyika palepale, nusu huku nusu kule, na kwa siku mbili hakuna aliyemwazima mwenzake mkasi. Kilichonishangaza, na hata leo kinanishangaza, ni kwamba Konso hakutaka chochote. Mama Hadija alimwuliza, "Unataka nini, binti yangu? Wakulipe? Wakutaje?" Akajibu, "Nataka waseme kweli mbele ya watu." Basi Mama Hadija akaniita. Alikuwa mwanamke mnene mwenye sauti ndogo, na miwani yake ilifungwa uzi mweusi wa cherehani. "Mwalimu," alisema, "wewe umesoma mambo haya. Fundi akitaka kujua nani kashona nguo, anaifumua. Chukua wiki moja, utufumulie huu wimbo, Jumamosi utuambie nani kashona wapi. Utakalosema ndilo."

Sijui kama nimewahi kuwa na furaha kama ile ya kupewa kazi hiyo. Nilinunua daftari jipya. Nilichora ukurasa wenye safu: mwendo, ngoma, besi, gita, akodi, tuni. Niliusikiliza wimbo mara nyingi mpaka mama wa nyumba ya pili akaja kuuliza kama nina mgonjwa. Niliona mambo mazuri humo. Niliona kwamba katika zile akodi nne tatu ni za furaha na moja ni ya huzuni, na kwamba ile ya huzuni haikuja ovyo: kila mara iliangukia chini ya neno "pili." Niliandika hivyo, nikalipigia mstari, nikaweka alama ya kuuliza pembeni, nikaendelea na besi. Nyuma ya ukuta wa mbao mafundi wawili walikuwa wakiongea huku wakibandika vifungo, na kwa kuwa cherehani zilikuwa kimya nilisikia kila neno.

"Wimbo iko wa Zaina, mchumba wake," alisema mmoja.

"Zaina? Zaina hanywi chai, wewe. Chai inamchoma kifua, yeye ni maji tu."

"Basi ni wimbo tu. Kwani nyimbo zote iko na mtu?"

"Zote, sha. Zote iko na mtu."

Nakumbuka nilikereka. Niligonga ukuta kwa kalamu, nikawaomba wanyamaze, kwa sababu nilikuwa nahesabu.

Jumapili, baada ya misa, Konso alinialika kwake. Chumba chake kilikuwa juu kidogo, mlango wa bluu, kitanda nyuma ya pazia la kitenge, na meza ndogo iliyofunikwa kitambaa alichokidarizi mwenyewe, ndege wawili ambao mmoja hakumalizika. Alipika ndizi na maharage, akaweka pilipili kando kwa sababu alijua siiwezi. Baada ya kula akanimiminia chai ya maziwa yenye tangawizi, akaketi mbele yangu, mikono chini ya meza. Nilimweleza juu ya ule mruko wa tuni, jinsi ulivyo mkubwa na jinsi si kila mtu angethubutu. Alinisikiliza hadi mwisho. Kisha akasema, "Na maneno? Umesikiliza maneno yake?" Nikamjibu kwamba maneno nayaacha mwisho, kwa sababu kesi ni ya tuni. "Wewe umedai tuni," nilimwambia, kama wakili. Akaitazama chai yangu, akanitazama mimi. "Haya," akasema. Niliondoka pale nikijiona nimekuwa mtu wa haki, nisiyependelea hata yule ninayemnyolea ndevu.

Kwa Sadiki nilikwenda siku iliyofuata. Alikuwa peke yake dukani, na alisisitiza kunipima suruali wakati tunaongea. Pengine hakutaka nimtazame usoni. Nilimwuliza tuni ilitoka wapi. "Ilikuwa hewani," alisema, pini zikiwa mdomoni. "Kitu kiko hewani, unanyoosha mkono, unakishika. Ni wizi huo?" Nikamwambia Konso anasema aliiimba yeye. "Aliiimba," alisema. "Sikatai. Mimi sijakataa hata siku moja." Kisha akatoa pini mdomoni, akaziweka kwenye kiganja, akasema, "Deo, umwambie Konso..." Nikangoja. Nje mtu wa pikipiki alikuwa anabishana na abiria. "Nimwambie nini?" nikauliza. Akazirudisha pini mdomoni. "Hapana, basi. Kaa wima, nipime mguu."

Ijumaa mchana niliandika tuni ya kiitikio kwa noti, ili Jumamosi niicheze bila kukosea. Sol ya chini, mi ya juu, re, do, re, la. Nilipomaliza nikaitazama, na nikaona kwamba ninaujua mwandiko wake. Namaanisha hivyo hasa: si sauti iliyonijia kwanza, ni sura yake kwenye karatasi, vichwa vya noti jinsi vilivyopanda na kushuka. Nikaitafuta ile karatasi ya zoezi. Namba saba. Sol, mi, re, do, re, la. Nililiandika kwa ajili ya kidole cha tano, ambacho kwa wanaoanza huwa kivivu. Tofauti ilikuwa moja tu: zoezi langu lilianza juu ya pigo, wimbo ulianza nusu nyuma yake. Nilikuwa nimempa Sadiki Jumatatu na Konso Jumatano ya wiki ileile. Nikakaa kitandani. Kwanza nilicheka. Halafu nikaona fahari iliyonifanya nione aibu, maana Kigali nzima ilikuwa ikiimba zoezi langu la kidole. Halafu nikaogopa, kwamba nikisema hivyo kesho watu watasema mwalimu naye anataka kula. Halafu, na hapa ndipo nilipopotea kabisa, nikajiuliza kama zoezi lenyewe lilikuwa langu. Bruda aliyenifundisha seminari alikuwa na karatasi zake. Nilijaribu kukumbuka kama namba saba niliitunga au niliinakili, nikafika mahali ambapo nilikumbuka vyote viwili kwa usawa: nikiitunga, dirisha likiwa wazi, na nikiinakili, dirisha likiwa wazi. Mpaka leo sijui.

Jumamosi asubuhi Mama Hadija alifunga mlango wa duka, jambo ambalo hakuwahi kulifanya siku ya kazi. Mafundi waliketi juu ya viti vyao vya cherehani, wengine juu ya marobota ya kitambaa. Kinanda changu kiliwekwa juu ya meza ya kukatia. Konso aliketi karibu na mlango, na mkasi wake mdogo wa kudarizi ulikuwa mapajani. Sadiki alisimama. Nilizungumza kwa muda mrefu na niliona watu wananisikiliza. Niliwaonyesha mwendo kwa kupiga makofi, na wakapiga nami. Nikawatenganishia besi na gita. Nikawachezea zile akodi nne, moja moja, na ilipofika ile ya huzuni mama mmoja akasema, "Ee, hiyo inauma." Nikasema ndiyo, ni ya kutia ladha, kama chumvi. Nikafika kwenye tuni. Vidole vyangu vilijua vinacheza nini, na masikio yangu yaliwaka moto. Nikasema, "Kiitikio hiki ni ngazi ya kawaida. Mwanafunzi yeyote wa muziki anaipanda na kuishuka. Haina alama ya mtu. Aliyeipa mwendo, akaipa ngoma na maneno, akaichelewesha nusu pigo hata ikawa tamu, ni Sadiki. Kwa hiyo wimbo ni wa Sadiki."

"Mtu yeyote?" aliuliza Konso.

"Mtu yeyote," nikasema.

Mama Hadija akamgeukia Sadiki. "Na wewe, baba, kabla hatujafunga neno hili. Una la kusema mbele ya watu?"

Konso akainua kichwa, akamtazama Sadiki. Sijawahi kusahau namna alivyomtazama, na kwa miaka yote hii nilidhani ni chuki. Sadiki alishika futi yake kwa mikono miwili, kila mkono na ncha yake. "Sina, mama," akasema.

"Sawa," alisema Konso. Akasimama, akaweka mkasi kwenye mfuko wa gauni, akamuaga Mama Hadija kwa kumshika mkono kwa heshima na mkono mwingine ukishika kiwiko, kama ilivyo kawaida kwetu, akafungua mlango akatoka. Hakurudi tena pale dukani, na Jumatano hakuja. Niliendelea kunyoa kwa wiki kadhaa.

Sadiki alinishonea ile suruali, bure, kitambaa kizuri cha kijivu. Alinipa bila kunitazama, akasema "Asante, ndugu yangu," na tangu siku hiyo hakusoma tena kinanda kwangu. Kabla ya mwaka kuisha alimwoa Zaina. Nilipiga kinanda kwenye sherehe yao, nikiwa ndani ya suruali ile, na watu walipodai "Chai ya Pili" niliicheza mara tatu. Zaina alicheza vizuri, akicheka, na mbele yake kulikuwa na chupa ya maji. Niliiona. Sikujua nimeona nini. Mwanzo wa mwaka uliofuata nilihamia Remera, nikapata shule ya kufundisha, nikaoa, nikazeeka. Nilipokutana na Sadiki mjini tulisalimiana kwa furaha kubwa na kuagana upesi.

Sasa matanga. Hema la turubai la bluu lilikuwa mbele ya nyumba, wanaume nje, wanawake ndani. Nilikaa saa nzima. Wazee walisoma, kijana mmoja akagawa maji, jirani yangu akaniambia kwamba jana redio iliupiga wimbo wa marehemu na wajukuu wake wakacheza bila kujua kama ni vibaya. Nilipotoka kunyoosha miguu nikamwona mwanamke ng'ambo ya barabara, mbele ya duka la mitungi ya gesi, kasimama na mwavuli uliofungwa. Alikuwa amevaa kitenge cheusi, nywele zake mvi zikitokeza pembeni. Nilivuka.

"Mwarimu," alisema Konso. "Umezeeka."

"Na wewe."

"Mimi nimenenepa tu."

Aliniambia anaishi Masaka, pembezoni mwa Kigali, ana shamba dogo la mboga, mumewe alifariki, watoto wamekua. Alikuja na pikipiki tangu saa nane na alikuwa bado hajavuka barabara. "Siwezi kuingia," alisema. "Nitaingia kama nani?" Sikuelewa. Nilidhani anaona aibu kwa ajili ya ile kesi, na kwa kuwa mimi pia nilikuwa na aibu yangu, nikaitoa. Nilimwambia kwamba kuna kitu nilimficha siku ile, kwamba tuni haikuwa yake wala ya Sadiki, kwamba...

"Namba saba," alisema Konso.

"Namba saba?" nikarudia.

"Tulijua, mwarimu. Mimi na Sadiki tulicheka sana, kabla hajaenda studio. Nilikuwa naiimba nikipiga pasi, nikaikosea, nikachelewa kuanza. Akasema, usiirekebishe, iache hivyo hivyo. Tukasema mwarimu akisikia ataturukia."

"Basi kwa nini ulidai ni yako?"

"Ningedai nini?" Alinitazama kama alivyonitazama siku ile ya Jumapili chumbani kwake. "Ubeti wa pili unasema nini? Uimbe."

Sikuimba, nilisema maneno tu, na hata hivyo nilihitaji kuyatafuta, mimi niliyejua kila noti. "Kikombe cha bati, ua lake limebanduka nusu, nanywa upande usio na ua, nikuachie wewe..." Nikasimama. Nilikiona. Kilikuwa mezani kwake, juu ya kitambaa cha ndege wawili: kikombe cheupe cha bati chenye waridi jekundu lililobanduka nusu. Nilikuwa nimekinywea chai ya tangawizi mpaka chini, huku namweleza juu ya mruko wa sauti.

"Nilikupa ile kikombe kwa makusudi," alisema. "Nikasema, atakiona. Mwaka mzima Sadiki alikuwa anakunywa chai kwangu, halafu nikasikia ndugu zake wamemposea Zaina. Sasa mimi nitasimama mbele ya Mama Hadija niseme nini? Kwamba mimi ndiye wa ile chai? Mwanamke hawezi kusema. Lakini tuni naweza kusema. Nikajua tukifika kwenye maneno wewe utauliza, kikombe ni cha nani, na Sadiki atajibu mbele ya watu. Ajibu uongo ao ukweri, lakini ajibu. Wewe ukamaliza na ngazi."

"Kwa nini hukuniambia, Konso?"

"Ulikuwa umeshika karamu, mwarimu. Mtu mwenye karamu hasikii, anaandika."

Ningependa kusema kwamba hapo mambo yote yalifunguka. Hayakufunguka. Nilijiuliza palepale kama kweli sikusikia, au nilisikia nikakataa. Niligonga ukuta ili mafundi wanyamaze. Niliweka alama ya kuuliza pembeni mwa neno "pili." Labda kijana aliyenyoa ndevu kila Jumatano hakutaka kujua nani anakunywa chai kwa nani. Labda alijua, na "mtu yeyote" ilikuwa namna yake ya kulipiza. Nimejaribu kumwuliza kijana yule na hanijibu. Naye Sadiki, alipotoa pini mdomoni akasema "umwambie Konso," alitaka nimpelekee nini?

"Alikuwa ananipenda?" Konso aliuliza ghafla, sauti ikiwa ya chini. "Wewe uliufungua wote, kipande kwa kipande. Uliona kitu?"

"Sijui, Konso," nikasema. "Sijui."

Ng'ambo, Zaina alitokea mlangoni. Alikuwa amejifunga shuka jeupe la eda, na binti yake alimshika mkono kama anayemzuia asitoke zaidi. Alitazama huku na huku, kisha akatazama upande wetu. Mimi sijawahi kuwatambulisha. Hakuna mtu, kwa ninavyojua, aliyewahi kuwatambulisha. Zaina akainua mkono.

"Konsolata," aliita. "Mbona uko nje? Njoo ndani."

Konso alinipa mwavuli wake nimshikie, akavuka barabara bila kutazama magari, akapita katikati ya wanaume, na mlango ukafungwa nyuma yake. Nilirudi chini ya hema nikaketi, mwavuli magotini. Punde nikasikia kilio kutoka ndani, halafu kilio cha pili kikakipokea cha kwanza, vikapanda pamoja na kushuka pamoja. Jirani yangu akaniuliza ni nani wanaolia hivyo. Nilisikiliza kwa masikio yangu yote niliyoyasomesha, nikashindwa kujua kipi ni cha mjane.